Taa Inayosikia

Mwamgongo,
2 Mei 2023

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Agnesi hamjambo hapo Rusimbi, na kwamba mguu wake umepona tangu alipoteleza siku ya Pasaka. Mwambie asiharakishe kubeba ndoo.

Sisi huku wazima. Dagaa mwezi huu wamekuwa wachache, lakini mihogo imekubali. Recho anamsalimu mjomba wake. Mwanawe Iradukunda ametimiza miezi minane na ameshaanza kutambaa. Wiki iliyopita alianguka kitandani akapata nundu kwenye paji la uso, ila imekwisha kunywea. Baba yake, Jean de Dieu, bado yuko Kasulu kwenye kazi za ujenzi, anakuja kila mwisho wa mwezi. Recho ananinunia kidogo, mambo ya nyumbani tu.

Sasa neno langu, na usicheke. Tangu nistaafu ualimu siku zimekuwa ndefu. Nataka unifundishe umeme. Si ule wa nguzo. Nataka huu mdogo wa betri, kama ule uliokuwa unauchezea Kalinzi hadi baba akakuchapa kwa kufungua redio yake. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, nadhani kichwa bado kinapokea. Nitumie vifaa vya kuanzia na unichoree jinsi ya kuviunga.

Usipige simu. Mtandao wa huku unakatikakatika, na mchoro hauingii kwenye simu yangu hii ya vibonyezo. Meshack mwenye boti ni mwaminifu. Mpe bahasha pale gatini Kibirizi, siku hiyohiyo itanifikia.

Mdogo wako,
Skolastika

*

Rusimbi,
9 Mei 2023

Mdogo wangu Skola,

Mwakeye, kwa Kiha chetu. Wifi yako mguu umepona, na ndoo anabeba kana kwamba hukumkataza. Mimi nipo, kibanda kipo, ingawa siku hizi watu wananiletea spika za muziki zaidi ya redio.

Nimecheka. Umesema nisicheke, nimeshindwa, lakini ni kicheko cha furaha. Miaka arobaini nimekaa na vifaa hivi, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuniuliza ndani yake mna nini.

Ndani ya bahasha utakuta kikasha cha kukalia betri tatu za tochi, taa nyekundu za LED mbili, na vitu vidogo vyenye mistari ya rangi. Hivyo ni rizista. Kazi yake ni kubana umeme upite kwa kiasi. Chukua yenye mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Nimeweka na konekta ya plastiki yenye skrubu, uungie waya humo bila kuchomea kitu. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii.

Shika jambo moja tu kwa leo: umeme lazima uende na urudi. Unatoka chanya ya betri, unapita kwenye rizista, unapita kwenye taa, unarudi hasi. Ukikatika popote, safari imekwisha. Taa ina mguu mrefu na mfupi; mrefu uelekee chanya. Na usiunge taa kwenye betri bila rizista, hata kwa kujaribu. Nakujua.

Ni mimi kaka yako,
Feliksi

*

Mwamgongo,
28 Mei 2023

Kaka,

Shikamoo. Huku mvua zimekata na upepo wa ziwa umeanza kuwa mkavu. Iradukunda ametoa jino la pili na analitumia.

Kweli unanijua. Nimeunga taa bila rizista. Iling'aa kwa nguvu, nikashangilia, ikazima na haikuwaka tena. Nimeizika nyuma ya jiko ili Recho asiione. Ya pili nimefuata mchoro wako neno kwa neno, nayo haikuwaka pia! Nilikaa nayo asubuhi nzima. Nilikagua kama ninavyokagua hesabu ya mwanafunzi, mstari kwa mstari, nikakuta skrubu moja ya konekta imebana plastiki ya waya badala ya shaba yake. Nikaimenya vizuri. Ilipowaka, kaka, nilipiga makofi peke yangu jikoni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nimeiwasha na kuizima mara nyingi kupita kiasi. Sasa nina swali. Je, taa inaweza kuwashwa na sauti? Yaani mtu asiguse chochote, sauti itokee chumba kimoja, taa iwake chumba kingine?

Nauliza tu kwa kupenda kujua.

Skolastika

*

Rusimbi,
11 Juni 2023

Skola,

Hatujambo. Wifi yako anauliza kama kile kitenge cha njano kilikufaa.

Nilikupigia Jumapili iliyopita, ingawa ulinikataza, kwa sababu swali lako lilinipa hamu. Uliniambia, "Haloo, haloo, ndiyo kaka, wote wazima," ukakata. Nilikuwa nimekuuliza kama una koleo la kukatia waya. Mtandao wenu ni mbaya kweli. Ajabu ni kwamba mimi nilikusikia kama uliyeketi mezani kwangu.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini kwanza umjue transista. Nimekutumia mbili. Ana miguu mitatu. Fikiria bomba kubwa la maji lenye koki laini sana, hata kidole cha mtoto kinaifungua. Umeme mkubwa unasubiri kwenye mguu mmoja, utokee mwingine. Umeme mdogo kabisa ukigusa mguu wa kati, njia inafunguka. Unga kama nilivyochora, kisha lowesha vidole viwili, kimoja gusa waya wa chanya, kingine gusa waya wa mguu wa kati. Umeme kidogo utapita kwenye ngozi yako na taa itawaka. Hautauma hata kidogo.

Ukifaulu hapo, sauti nayo itaweza kuifungua koki ile, ikipita kwenye maikrofoni. Ila niambie ni sauti ya nini. Makofi? Mlango? Mbwa? Kila sauti ina namna yake ya kutegwa.

Feliksi

*

Mwamgongo,
2 Julai 2023

Kaka,

Shikamoo. Kitenge kilinifaa, mwambie wifi asante sana.

Jaribio la vidole limefaulu. Halafu nikafikiria: kama umeme unapita kwa mtu mmoja, je, watu wawili? Nikamwita Recho. Alikuja kwa shingo upande. Nikamwambia ashike waya wa chanya kwa kidole chenye maji, mimi nikashika ule wa mguu wa kati, nikamwambia, "Sasa nipe mkono wako mwingine." Akanipa. Taa ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Tukiachana, inazima. Tukishikana, inawaka. Akacheka. Tangu mwezi wa nne hatukuwa tumeshikana mikono.

Habari nyingine ni kwamba Recho amechaguliwa chuo cha uuguzi mjini, wanaanza mwezi wa kumi. Amesema haendi. Anasema mtoto bado mdogo na hana wa kumwachia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake aliposema hivyo.

Umeniuliza sauti ya nini. Sauti ya mtoto akilia.

Skolastika

*

Rusimbi,
20 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Kulikuwa na shughuli. Sote wazima.

Maikrofoni hii nimeitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Ni nzima, nimeijaribu. Utatumia transista mbili: ya kwanza inapokea mnong'ono wa maikrofoni na kuukuza, ya pili inafungua taa. Hicho kingine chenye umbo la pipa ni kapasita. Ni kama ndoo ndogo: sauti inaijaza haraka, nayo inamwaga polepole, ili taa isizime kila mtoto anapovuta pumzi. Kitufe cha kuzungusha, kama cha sauti ya redio, ni cha kuamua sauti iwe kubwa kiasi gani ndipo taa iwake. Waya ni mita kumi na tano, utafika popote ndani ya nyumba. Mchoro nimeuchora mara tatu ndipo nikaridhika nao.

Skola, nyumba yako ina vyumba vitatu na kuta zake hazifiki kwenye dari. Mtoto akilia chumba chochote, jirani anasikia. Taa hii unaitakia nini?

Unasikia vizuri, mdogo wangu?

Feliksi

*

Mwamgongo,
27 Agosti 2023

Kaka Feliksi,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro siku nne. Nilitaka kukujibu kwamba wewe ni fundi redio, si daktari, uniache. Niliandika barua ya namna hiyo. Nimeitia motoni asubuhi hii.

Sisikii. Lilianza sikio la kushoto mwaka juzi, likafuata la kulia. Nilipoteza sauti za ndege kwanza, kisha kengele ya kanisa. Sauti nene bado zinanifikia, Meshack akiita kutoka majini namsikia. Nyembamba zimekwenda, na hakuna nyembamba kama ya mtoto. Akiwa mgongoni mwangu namjua analia, kilio chake kinapita mifupani. Nikimlaza chini, kwangu ni kimya.

Siku ile alipoanguka kitandani, nilikuwa upande wa pili wa ukuta, napanga kuni. Recho alirudi kutoka shambani akamkuta sakafuni, sauti imemkauka kwa kulia. Akatoka nje naye akaniuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikwenda kwa jirani kuomba chumvi. Ndiyo sababu haendi chuo. Anaamini kwamba mimi ni mtu wa kumwacha mtoto peke yake na kwenda kupiga soga.

Nilichagua mwanangu anione mzembe kuliko anione kiziwi. Sasa unajua.

Nilikaa na mama miaka yake sita ya mwisho kule Kalinzi. Niliona watu walivyoacha kuongea naye baada ya masikio yake kufa. Walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni kiti. Sitaki kuwa kiti, kaka.

Skolastika

*

Rusimbi,
3 Septemba 2023

Mdogo wangu Skola,

Shughuli niliyokuandikia haikuwapo. Nilijua tangu ile simu ya Jumapili. Barua yako ilipokuja na neno "mtoto", nikawa na hakika, na bado nilikaa wiki saba na kalamu mkononi. Nitakuambia kwa nini.

Wale watu waliozungumza juu ya kichwa cha mama, mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nakuja Kalinzi mara mbili kwa mwaka. Mama ananiuliza habari za mjini, mimi namjibu "nzuri" kwa sauti kubwa, kisha nageukia wengine. Kupaza sauti kulinichosha. Safari moja alinishika mkono wa shati akasema, "Feliksi, niambie hata uongo, ila uwe mrefu." Nilicheka, nikatazama saa, nikaondoka. Safari iliyofuata nilikuja kwa mazishi. Hili sijamwambia mtu, hata wifi yako.

Kwa hiyo sina ubavu wa kukulaumu kwa kuficha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mama hakuficha, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu. Recho si mimi. Alishika waya kwa kidole chenye maji kwa sababu tu ulimwambia.

Nimeulizia hospitali ya mjini. Kuna siku wanapima masikio. Ukija, utafikia kwetu, nitakupeleka mwenyewe, na tutakaa tukizungumza hata kama itabidi niandike kila kitu ubaoni kama wewe ulivyofanya maisha yako yote.

Maliza taa. Lakini taa haitasema kwa niaba yako. Mwambie Recho. Kwa hilo sina mchoro wa kukutumia.

Kaka yako,
Feliksi

*

Mwamgongo,
15 Oktoba 2023

Kaka yangu,

Shikamoo. Wote wazima, na barua hii ni ndefu, tafuta mahali pa kukaa.

Taa ilinisumbua wiki mbili. Siku ya kwanza haikuwaka kabisa, kumbe maikrofoni nayo ina chanya na hasi na mimi nilikuwa nimeigeuza. Siku ya pili ikawaka na kukataa kuzima. Nilizungusha kile kitufe nyuma na mbele hadi nikagundua inawashwa na mawimbi ya ziwa. Nikapunguza. Ikawashwa na kuku. Nikapunguza tena, mtoto akalia hadi uso ukaloa machozi, taa imetulia tu kama haimjui. Mwishowe niliacha kitufe nikafikiria maikrofoni yenyewe. Nikaihamishia kwenye mguu wa kitanda, nikaizungushia kipande cha kitenge kile cha njano na kuacha uwazi upande wa mtoto peke yake. Kuku wakaisha. Mawimbi yakaisha. Mvua ikipiga bati inawaka, lakini mvua naiona. Na nikiwa nje ya nyumba, Iradukunda yuko mgongoni, hapo sihitaji taa.

Nilitaka nikuandikie siku ileile, nikakumbuka kwamba kazi uliyonipa ni mbili na nimefanya moja.

Recho alirudi kutoka mtoni na nguo. Nikamwambia aketi. Nikamwambia, "Sikwenda kwa jirani siku ile." Akanitazama. Nikasema, "Nilikuwa nyuma ya ukuta, napanga kuni. Alilia na sikumsikia. Sisikii, Recho. Ni mwaka wa pili sasa." Kisha akaniuliza kwa nini niliacha anikasirikie miezi mitano kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilimpa jibu la kweli: niliogopa ataacha kunisemesha.

Akasimama. Nikadhani anaondoka. Akaniambia nikae palepale jikoni, nimpe mgongo mlango. Nikakaa, natazama taa niliyoifunga juu ya rafu ya sufuria. Sikusikia kitu. Taa ikawaka. Ikazima, ikawaka tena. Nikajua mtoto ameamka, nikaenda mbio chumbani. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Recho alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mdomo wake karibu na kile kitenge, anaita, "Mama. Mama." Machozi yanamtoka na bado anaita.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Alinipima siku tatu mfululizo bila kunionya, mtoto analala, yeye anajificha nje kungoja aamke alie, aone kama nitakuja na baada ya muda gani. Nilikuja kila mara. Mara moja nilichelewa kwa sababu betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo sasa nabadilisha kila Jumamosi, hata kama bado zina nguvu. Jean de Dieu alipokuja mwisho wa mwezi, Recho alimwonyesha kila waya, anaeleza transista kama aliyeivumbua yeye. Tumekubaliana kwamba Novemba nitakuja kwenu kupima masikio, na mtoto nitakuja naye.

Jana Recho alikwenda chuo. Meshack alichukua sanduku lake. Ufukweni walikuwa watu wengi, na injini ilipowaka kila mtu akaanza kupaza sauti na hakuna aliyemsikia mwenzake. Boti ilikwisha kusogea. Recho alikuwa amesimama nyuma, anasema jambo, analirudia. Jirani yangu mzee Leonardi aliweka kiganja sikioni akakunja uso, akanigusa bega. Nikamgeukia. "Huyo anasema nini?"

Kaka, mimi miaka miwili nimeishi kwa kutazama midomo ya watu kwa siri. Nikamtazama Recho. "Anasema uji wa mtoto usiwe wa moto," nikamwambia mzee, "na kwamba atakuja Krismasi."

Akashangaa. "Umesikiaje na injini hii?"

"Sikusikia," nikamwambia. "Mimi masikio yangu hayafanyi kazi vizuri." Ni mtu wa kwanza asiye wa damu yangu kumwambia, na nilimwambia huku nikimpungia mwanangu mkono.

Mzee Leonardi hakusema pole. Alizunguka akasimama mbele yangu, akaniuliza taratibu Recho atasoma miaka mingapi. Nikamjibu mitatu. Tukapanda kurudi nyumbani, mtoto mgongoni kwangu, yeye akitembea kinyumenyume ili nimwone mdomo, anauliza hili na lile, hadi kisigino chake kikanasa kwenye wavu wa mtu uliokuwa umeanikwa akakaa chini kwa kishindo. Tulicheka wote wawili, na Iradukunda naye akacheka, nikamsikia kwa mgongo.

Msalimie wifi.

Ni mimi,
Skolastika